Mbawala Hakuwa Hai

Mwanangu Rajabu,

Asalaam aleikum, na marahaba, ingawa hujaniamkia. Naitanguliza kwa sababu siku ile uwanja wa ndege uliponiamkia nilikuwa nahangaika na mkanda wa sanduku, nikaitikia bila kuinua uso. Goti lako linaendeleaje? Saumu ananiambia bado linakusumbua ukipanda jukwaa, na kwamba kazi za juu umewaachia vijana, wewe unapiga plasta za chini. Umefanya vyema. Na mkeo, ile presha imetulia? Na huko Ushongo, bahari imeacha kuula ukuta wenu wa nyuma, au mnajenga leo inabomoa kesho?

Mimi niko kama mtu ambaye madaktari wameacha kumbadilishia dawa. Moyo umechoka na figo zimeufuata. Daktari wa hapa ni kijana mpole. Juzi alimweleza mdogo wako Saumu maneno marefu kwa lugha yao, naye akanitafsiria mafupi. Nimefundisha miaka thelathini na minne, Rajabu. Mwanafunzi anayeruka mistari namjua. Sikumuuliza alichoruka.

Naandika kwa mkono wangu, ukurasa mmoja kwa siku, siku nyingine nusu. Utaona mistari inateremka upande wa kulia kama maji yanayotafuta mtaro, unisamehe mwandiko. Nina jambo moja tu la kukuambia, na nalisema hapa mwanzoni ili hata nikishindwa kuimalizia barua hii likufikie: siku ya arobaini ya bibi yako hukusema uongo. Aliyesema uongo ni mimi. Yaliyobaki ni maelezo, lakini nayo ni haki yako kuyapata.

Mji huu wa Norwe anaokaa mdogo wako ni mdogo, na milima yake imesimama wima hadi majini, huoni mtu alipata wapi mahali pa kuweka nyumba. Jirani yetu ni seremala, anaitwa Tore, ana binti wa miaka kumi na mitano, Ingrid. Mwezi uliopita walipanda milimani siku tatu kuwinda kulungu wa huku, wanyama wakubwa kama ndama, dume ana pembe kama matawi ya mti uliopukutika. Waliporudi walituletea furushi la nyama. Wakakaa mezani, Saumu akawapa chai ya tangawizi, na yule binti akaanza kusimulia, Saumu ananitafsiria. Akasema walivyolala kwenye mawe yenye barafu. Akasema siku ya pili baba yake alipiga akakosa, kulungu akawatazama kama anayewahurumia ndipo akaondoka.

Aliyasema hayo mbele ya baba yake, Rajabu, mbele ya wageni. Nikamtazama Tore nione atafanya nini. Alikoroga chai yake akasema, "Ni kweli, nilikosa. Huyu haachi kitu." Wakacheka wote wawili.

Walipoondoka Saumu alilifungua lile furushi akaniuliza, "Baba, hii si ndiyo kibudu?" Nikainuka, nikaenda chooni, nikafungua bomba ili asinisikie.

Sasa nikurudishe nyikani.

Bibi yako, mama yangu, alifariki mwezi uleule niliopewa ukuu wa shule pale Pongwe. Siku ya tatu ya matanga, barazani, mbele ya wazee, nilisema kuwa arobaini ya mama watu watakula pilau ya mbawala, kwa kuwa marehemu baba alikuwa mwindaji na mama aliipenda nyama hiyo kuliko ya ng'ombe. Hakuna aliyeniomba kusema hivyo. Mzee mmoja akajibu, "Mwalimu atawagongea kengele mbawala, watapanga mstari." Baraza zima likacheka, nami nikacheka, lakini neno lile lilinichoma. Nilikuwa sijawahi kuua hata digidigi. Gobori la babu yako nililijua kwa kulifuta vumbi.

Wewe ulikuwa umemaliza darasa la saba unangojea majibu. Hukuniomba mimi kwenda, ulimwomba mama yako, naye akaniambia, "Mchukue. Huko anakujua kuliko wewe." Ilikuwa kweli. Babu yako alikupeleka porini tangu una miaka minane. Mimi alikuwa amenipeleka shule.

Nilipata kibali kwa afisa wa wanyamapori, Bwana Nyama kama tulivyomwita: mnyama mmoja, siku tatu. Tukapanda basi hadi Maramba, tukatembea kupita Daluni, hadi pale nyika inapogongana na miguu ya milima ya Usambara, makorongo matupu na majabali yaliyolaliana. Utamkumbuka yule bibi wa Kisambaa kwenye kijiji cha mwisho aliyetupa maji na mahali pa kulala. Aliangalia viatu vyangu vya kamba akasema, "Viatu vya ofisini hivyo, mwalimu. Mbawala atadhani unakuja kumwandikia barua." Ulicheka mpaka maji yakakutoka puani.

Sijawahi kukuambia hili: zile siku mbili za kwanza ndizo zilizokuwa bora kuliko zote nilizowahi kuwa nawe. Ulitembea mbele. Ulichukua vumbi ukaliachia hewani kujua upepo unakoelekea. Ulinionyesha kinyesi cha mbawala ukakivunja kwa vidole, ukasema ni cha jana. Ulinizuia kushika upupu mara mbili, mara ya tatu ukachelewa, nikajikuna shingo mpaka jioni, nawe ukanipaka majivu bila kunicheka, au ulinicheka ukiwa nyuma yangu. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja na nilikuwa mwanafunzi wako. Nilifurahi. Na pembeni ya ile furaha, Mungu anisamehe, palikuwa na kijiwivu. Baba yangu alikuwa amekupa wewe kitu ambacho mimi hakunipa.

Siku ya tatu ndiyo kibali kilikuwa kinaisha, na arobaini ilikuwa kesho yake. Asubuhi, jua halijapata joto, ulinigusa kiwiko. Ng'ambo ya korongo alikuwa amesimama dume, mwekundu kama udongo wa Muheza, na madoa yake meupe mbavuni. Nikapiga. Moshi wa gobori ukatufichia kila kitu. Ulipotoweka tukamwona anapepesuka, akajitupa chini korongoni katikati ya majabali, tukasikia mawe yanaporomoka naye.

Nikakupa kisu. Nikasema, "Kimbia, Rajabu, umuwahi."

Kwetu hakuna asiyejua maana ya neno hilo. Kilichouawa na risasi si chakula. Mpaka kisu kimkute angali na uhai, jina la Mungu litajwe, damu iruke. Akikuwahi kufa, hata awe mnono vipi, ni kibudu, na kibudu ni cha fisi. Hukungoja nieleze. Uliteremka mahali ambapo mbuzi angezunguka. Nilikuona mara ya mwisho ukiwa umeukamata mzizi kwa mkono mmoja, kisu ukiwa umekiuma meno.

Mimi nilizunguka. Nilianguka mara mbili, soli ya kiatu ikabaki kwenye mwamba. Nilipofika ulikuwa umekaa juu ya jiwe, magoti yanatoka damu, kisu kiko mapajani pako, kisafi.

"Baba," ukasema, "nimemkuta ameshakufa."

"Umejuaje?"

"Nimemgusa jicho. Hakupepesa. Na sisimizi wameshaingia."

Nikainama nikatazama. Sisimizi wawili walikuwa wanatembea juu ya mboni ya jicho, taratibu, kama watu walio uani kwao. Niliwaona, Rajabu. Nataka ujue kuwa niliwaona. Lakini pia niliwaona wazee wa Pongwe wamekaa barazani, na yule wa kengele katikati yao. Nilichukua kisu mapajani mwako, nikakivuta kichwa cha mnyama kuelekea kibla, nikasema bismillahi, nikakata. Damu ilichelewa. Ilipotoka ilitoka nzito na nyeusi, kidogo, kama uji wa mwisho sufuriani. Kwa kuwa alikuwa amelala mteremkoni, nilipovuta kichwa mwili wote ulifuata, na mguu wa nyuma ukaburuzika.

Nikasema, "Umeona? Mguu umetikisika."

"Haujatikisika, baba."

"Wa nyuma. Umetikisika."

Uliinuka ukaenda kukata mti wa kumbebea.

Tulimbeba mimi nyuma wewe mbele, na hukunena neno mpaka kwa yule bibi, ambaye alikutazama akaniuliza, "Mtoto huyu vipi leo, kammeza mbawala mbichi?" Nikamwambia umechoka. Huo nao ulikuwa uongo, mdogo, wa kufanyia mazoezi.

Tulifika Pongwe jioni kwa lori la mbao. Watu walikuwa wamejaa uani. Maalim Hatibu, Mungu amrehemu, aliuliza swali ambalo huulizwa kila nyama inapoingia: nani kachinja? Mimi nikasema, "Rajabu." Sikuwa nimelipanga. Au nililipanga njiani bila kujiambia. Nilijua kwamba nikisema ni mimi, wewe utakuwa shahidi. Nikisema ni wewe, utakuwa mwenzangu. Nilikupa heshima ili nikufunge nayo mdomo. Shangazi yako akapiga vigelegele, mama yako akakukumbatia, wazee wakakushika bega. Ulinitazama juu ya mabega yao. Nikageuza uso, nikaanza kuelekeza watu pa kuweka nyama.

Kesho yake, baada ya hitima kusomwa, wakakukalisha jamvini pamoja na wazee, kwa kuwa ndiye mchinjaji. Masinia yakaja. Maalim akanyoosha mkono. Ndipo uliposimama.

"Msile, wazee wangu," ukasema. "Sikumchinja mimi. Alikuwa kibudu."

Nakumbuka mikono ilivyoganda masiniani. Mzee mmoja alikwisha tia tonge mdomoni, akabaki nalo, hatafuni wala hatemi. Maalim hakukutazama wewe. Alinitazama mimi, akasema tu, "Mwalimu?"

Nikasema mtoto aliogopa damu. Nikasema nilimshika mkono wenye kisu, akafumba macho, kwa hiyo hakuona, na sasa aibu ya kusifiwa imemzidi. Nilisema vizuri, kwa sauti ya darasani. Ukasema polepole, "Sikuyafumba, baba." Kisha ukamwambia Maalim kuwa uko tayari kuapa.

Maalim akasema, "Mtoto haapi juu ya mzazi wake. Ataapa mwalimu, na sisi tutakula."

Mus-haf ukaletwa. Nilikuwa na udhu. Niliweka mkono wangu wa kulia juu yake nikaapa kwamba kisu kilimkuta yule mnyama angali hai. Watu wakashusha pumzi, mtu akasema watoto wa siku hizi hawafai, wakacheka kile kicheko cha wenye njaa waliokuwa wanaogopa kunyang'anywa chakula, wakala. Na mimi nilikula, matonge matatu, mahali ambapo kila mtu angeniona. Kisha nikakuamuru uzunguke uwashike wazee mikono, mmoja mmoja, uwaombe radhi. Ulizunguka. Uliibusu mikono yote. Kabla ya alasiri watoto walikuwa wameshakupa jina, na jina hilo nasikia hata leo likitajwa pale Pongwe hakuna anayeuliza ni la nani. Kibudu.

Hayo unayajua. Ninalotaka kukiri hasa ni la kesho yake asubuhi.

Nilikuwa nyuma ya jiko nasafisha gobori. Ukaja ukachuchumaa mbele yangu. Hukuwa na hasira. Ningependa ungekuwa nayo. Ukasema, "Baba, watu sitawaambia tena. Nataka nijue mimi tu. Ulimwona akitikisika kweli?"

Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mus-haf wala wazee, wala pilau ya kuokoa. Ningesema hapana, ungekwenda na siri yako na ungenidharau, lakini ungekwenda mzima. Nikakujibu, "Nilimwona."

Ukatikisa kichwa. Ukasema, "Basi ni mimi sikuona." Ukainuka ukaenda zako, na tangu siku ile hujala nyama.

Wa jamvini ulikuwa uongo wa kiburi, na kiburi wanadamu wote tunakijua. Wa nyuma ya jiko sina jina lake. Nilikufundisha usiyaamini macho yako mwenyewe, mimi niliyekuwa nalipwa mshahara kuwafundisha watoto kutazama.

Mama yako hakuwahi kuniuliza. Lakini kuanzia juma lile alikuwa akipakua, sahani yako ya maharage inatangulia, yangu inafuata, mpaka ulipoondoka kwenda Ushongo kujifunza uashi kwa mjomba wako. Miaka yote hiyo sikusema neno juu ya mpangilio huo wa sahani, naye hakueleza.

Utauliza kwa nini sikunena mapema. Kwa sababu kila mwaka uliopita uliufanya uongo ule uwe mzee, na kwetu kilicho kizee huheshimiwa. Nilistaafu nikiwa mwalimu mkweli. Watu waliniletea kesi zao za mipaka na za ndoa kwa sababu, walisema, mwalimu hapindishi. Nimesoma pia. Nimeona katika vitabu kwamba wako wanazuoni wanaoihalalisha nyama ya risasi ikiwa mpigaji amelitaja jina la Mungu wakati wa kupiga. Nikafarijika kwa siku mbili, kisha nikakumbuka kwamba wakati wa kupiga sikulitaja. Nilikuwa naogopa kukosa. Na hata ningelitaja, hilo ni la nyama tu. La kwako haliguswi.

Baada ya siku ile ya Ingrid nilijaribu kulipa kiapo. Kafara yake ni kulisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Nikamuuliza Saumu hapa maskini kumi tutawapata wapi. Alifikiri sana, akasema labda mjini, lakini watataka kujua wanalishwa kwa sababu gani na watajaza fomu. Nikaanza kufunga bila kumwambia. Siku ya pili alinikuta sakafuni kati ya kitanda na dirisha. Kafara yangu iliishia hospitali, kwa chupa ya maji mkononi.

Nikasema basi, nitakiri. Nilimpigia simu imamu wa sasa wa msikiti wetu, mjukuu wa Maalim Hatibu. Nilimweleza kila kitu: sisimizi, mguu, mus-haf. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, maradhi huleta mawazo. Na mzazi hata akikosewa na mwanawe, humtafutia njia ya kutokea. Mungu akulipe kwa kumsitiri."

Nikamwambia simsitiri mtu, najifichua. Akasema, "Ndiyo, mwalimu. Pumzika."

Ijumaa iliyofuata akanitaja mimbarini. Nilijua kwa shangazi yako, alinipigia kutoka Makorora analia kwa furaha: kwamba imamu amewahutubia watu juu ya huruma ya mzazi, na mfano wake ni mwalimu mmoja aliye ughaibuni, mgonjwa wa kufa, ambaye yuko tayari kujibebesha kiapo cha uongo ili mwanawe asafike. Nikamwambia, "Dada, ni kweli niliapa uongo." Akasema, "Haya, haya. Umeshasema. Mungu amekusikia." Nilipomshikilia, akaanza kuniuliza kama nimekunywa dawa.

Niliona nimekwisha, Rajabu. Uongo niliousema kwa pumzi moja una nguvu kuliko ukweli nilioupigia simu ya saa nzima. Hawanikatalii kwa ubaya. Wananikatalia kwa mapenzi, na mapenzi ya watu huwezi kuyabishia ukiwa umelala chali.

Hilo nalo ningelivumilia. Lakini hotuba ile ilikufikia na wewe, na ukampigia Saumu, naye akaniletea ulichosema kama mtu anayeleta habari njema. Alisema umesema hivi: "Mwambie baba asife na jambo hilo. Nilikuwa mtoto, nilikuwa nimechoka. Labda alitikisika."

Labda alitikisika.

Kwa hiyo hata kukiri kwangu kumekugeukia. Wewe, uliyesimama peke yako mbele ya jamvi zima ukiwa na miaka kumi na mitano, sasa umefika hamsini na zaidi, na kwa kumhurumia mzee uko tayari kuyatoa hata macho yako. Ndiyo maana naandika. Simu watu huikata, au huisikia nusu. Karatasi itakungojea.

Hakutikisika. Sisimizi walikuwa wawili, juu ya jicho la kulia. Ulisema ameshakufa, na alikuwa ameshakufa. Uliona vizuri korongoni, uliona vizuri jamvini, na ulipokuja nyuma ya jiko kuniuliza ulikuwa unauliza jambo unalolijua. Usiliachie tena, hata kwa huruma. Hasa kwa huruma yangu, usiliachie.

Sikuombi radhi. Nimeiandika sentensi ya kuiomba mara tatu nikaikata, kwa sababu najua ungenipa upesi, jinsi ulivyowapa wazee mikono, na ningekuwa nimekuamuru tena. Wala sikutumi uende Pongwe na barua hii. Nawajua watu wetu. Mimi nikiwaambia wanasema ugonjwa umenichanganya; wewe ukiwaonyesha karatasi watasema umeiandika mwenyewe. Nimetia sahihi na dole gumba chini, lakini nacheka ninapofanya hivyo. Atakayetaka kutoamini atauliza hata dole gumba lilitoka wapi. Nitazikwa huku, Saumu ameshazungumza na watu wa makaburi ya Waislamu. Hitima itasomwa Pongwe, na wataeleza jinsi mwalimu alivyokuwa mkweli. Huna lazima ya kwenda kusikiliza hayo. Ukienda, ukiwekewa sinia, kula unachotaka au usile.

Jana nilimsomea Saumu kurasa hizi zote, kwa kuwa yeye ndiye atakayepeleka bahasha posta. Alikuwa na miaka sita siku ile. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi niliongezewa nyama mara mbili. Na nilimwita lile jina, baba. Mpaka nimekuwa mkubwa nilimwita." Ameomba nimwachie nafasi ya kutia karatasi yake humu ndani. Sijui ameandika nini na sitaisoma.

Nisalimie mkeo, umwambie aache chumvi, asiniige mimi niliyeacha nikiwa nimechelewa. Msalimie binti yenu mwalimu. Mwambie babu yake anafurahi kuwa anafundisha darasa la kwanza, ndiko kazi iliko. Nisalimie mjomba wako fundi, aliyekupokea pasipo kuuliza umekosana na nani. Shangazi yako wa Makorora nisalimie pia, wala usibishane naye. Ananipenda, na umri wake hauwezi tena kubadilisha ndugu. Na watoto wadogo wa nyumbani kwako, wakikuuliza kwa nini wewe babu yao huli nyama, usiwaambie tena kwamba hupendi tu harufu yake. Waambie ulichokiona.

Mkono umechoka. Nakuacha na Mungu, aliyekuwa nasi korongoni, wa tatu wetu.

Mimi baba yako, niliyeona ulichokiona,

Sudi Kombo